Oksijeni Ndani ya Tangi: Ikipungua Huua, Ikizidi Huunguza

Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ndani ya tangi la chuma, kiasi hicho hubadilika. Kutu ni muungano wa chuma na oksijeni. Kwa hiyo tangi lenye unyevu, lililofunikwa kwa muda mrefu, huweza kupungukiwa na oksijeni hata kabla fundi hajaanza kulehemu. Aidha, gesi ya agoni, itumikayo kukinga kiungo cha moto, ni nzito kuliko hewa, nayo hutuama chini bila rangi wala harufu. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huzimia upesi.

Wako wanaodhani kuwa dawa yake ni kufungulia oksijeni ya mtungini. La hasha! Oksijeni ikizidi, cheche moja yatosha kuwasha nguo na nywele.

Basi hewa safi ipulizwe kwa feni na kupimwa kabla ya kuingia, na mitungi ibaki nje. Mlinzi akae mlangoni, akiishika kamba aliyofungwa fundi. Fundi akianguka, mlinzi amvute na kuita msaada, asimfuate ndani: hewa iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha na wa pili.