Gauni la Kiuno na Mwili Unaobadilika

Mwanamke wa Kiganjo, upande wa Thika, akitaka gauni la mtindo wa miaka ya 1950, yaani kiuno cha kubana na sketi pana, na ajue kwamba linakula kitambaa kingi. Christian Dior alipoutangaza mtindo huo Paris mwaka 1947, watu walilalamikia gharama hiyo hiyo. Hasara huzidi mwili unapobadilika, kwa uzazi, ugonjwa au umri.

Sketi haina matata. Marinda yake yakivutwa kwa uzi hulegezwa. Shida iko kiunoni. Fundi mwenye haraka hukata kitambaa karibu mno na mshono, na nguo ikibana haina dawa. Afadhali aache inchi moja na nusu katika kila ukingo wa ubavuni, na zipu aitie mgongoni. Siku ya kufumua, akibakiza nusu inchi tu, kiuno kitapata inchi nne.

Wako wanaoshonesha kwa kipimo cha mwili wanaoutumaini, na gauni likalala sandukuni bila kuvaliwa hata Jumapili moja. Kipimo kichukuliwe siku ya kukata, si kile cha mwaka jana.