Je, Wajua? Hukumu ya Zamani na Leseni ya Uuguzi

Je, wajua kuwa anayeomba kazi Bujumbura, uuguzi ukiwemo, mara nyingi hudaiwa karatasi mbili ambazo watu huzichanganya? Hati ya mwenendo mwema hutolewa na komini. Ile nyingine, extrait du casier judiciaire, hutoka kwa waendesha mashtaka. Ya kwanza inahusu sifa yako mtaani. Ya pili inasema kama mahakama imewahi kukuhukumu, basi.

Je, wajua nani alibuni casier, yaani rekodi ya hukumu? Ni Arnould Bonneville de Marsangy, mwendesha mashtaka wa Versailles, mwaka 1848. Wahalifu walikuwa wakihama mji na kuanza upya kama malaika, naye akapendekeza kila hukumu itumwe kwenye mahakama ya mahali mtu alipozaliwa. Ufaransa iliuanza mfumo huo mwaka 1850. Burundi iliurithi kupitia Wabelgiji.

Je, wajua kuwa kulala gerezani Mpimba si hukumu? Gereza hilo lilijengwa kwa watu 800, nalo kwa miaka mingi limebeba maelfu, wengi wao mahabusu wanaongoja kesi. Aliyeachiwa na mahakama hana hatia, hata kama mtaa mzima wa Musaga ulimwona akiingizwa ndani ya gari la polisi. Kazi kubwa anayo kwenye ile karatasi ya komini, maana majirani hawasomi mafaili.

Na aliyekamatwa akiwa na miaka 14? Kanuni ya adhabu ya Burundi ya mwaka 2009, ileile iliyofuta adhabu ya kifo, ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 13 hadi 15. Tanzania ni miaka 10.

Je, wajua kuwa msamaha wa rais hausafishi jina? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye aliwasamehe wafungwa 5,255, na nyumba nyingi zilisherehekea. Lakini katika sheria za ukoo wa Kifaransa na Kibelgiji, msamaha wa rais huondoa adhabu iliyobaki. Hukumu yenyewe inabaki kwenye casier. Inayofuta hukumu ni amnistie, inayopitishwa kwa sheria, au réhabilitation, ambayo mtu huiomba baada ya kumaliza adhabu na kukaa vizuri kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo kijana aliyetoka na barua ya rais mkononi na anataka kusomea uuguzi, iwe chuo cha INSP au Hope Africa University, angeanza kwa wakili, kisha ndipo aende kwa mhasibu wa chuo. Ada hairudi.

Je, wajua kuwa nchini Kenya karatasi inayofanya kazi ya casier huitwa cheti cha mwenendo mwema, ingawa haitoki kwa chifu? Hutolewa na idara ya upelelezi, DCI, baada ya kuchukua alama za vidole.

Je, wajua kuwa Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayoruhusu hukumu nyingi za zamani zisitajwe tena, lakini kazi ya uuguzi imewekwa nje ya nafuu hiyo? Ukijiandikisha kwa baraza la wauguzi la huko, NMC, unaulizwa hata hukumu za nje ya nchi. Jibu la ndiyo halifungi mlango moja kwa moja: wanapima kosa lilikuwa nini, lini, na umefanya nini tangu hapo. Kuficha ndiko kunakomponza mtu, maana uongo huo ni wa leo, si wa miaka 15 iliyopita.

Je, wajua kuwa shule ya kwanza ya wauguzi nchini Ubelgiji iliongozwa na muuguzi aliyekuja kupatikana na hatia? Edith Cavell alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Wajerumani kwa kuwatorosha askari, akapigwa risasi Brussels tarehe 12 Oktoba 1915. Leo mtaa mmoja wa jiji hilo una jina lake. Kuna hukumu na hukumu, bwana.

Kwa Warundi walioko Texas: bodi ya wauguzi ya huko inakuruhusu kuuliza kabla hujaanza shule kama hukumu yako itakuzuia kupata leseni. Laiti kila nchi ingekuwa na dirisha kama hilo! Leseni ya Marekani inayotumika katika majimbo mengi kwa pamoja ni habari nyingine: aliye na hukumu ya kosa kubwa la jinai haipati, na hubaki kuomba leseni ya jimbo moja.

Je, wajua kuwa mahakama na bodi hazifuatani? RaDonda Vaught, muuguzi wa Tennessee, alimchoma mgonjwa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza, na mgonjwa akafariki. Bodi ilimnyang'anya leseni Julai 2021. Mahakama ilimtia hatiani Machi 2022, kisha ikampa uangalizi wa miaka mitatu, kwa masharti kwamba akiumaliza salama rekodi yake ya jinai inaweza kufutwa. Leseni haikuwamo katika amri hiyo.