Kule Kanada hesabu inaanza mbele ya kolasioni

Mu mwezi wa saba mwenzetu mumoja wa posti ya usiku alikuja ku biro ya sendika na telefone mu mukono. «Kamarade delege, soma hii.» Ilikuwa mesaji ya binti yake mwenye kusoma univerzite kule Kanada. Masomo amemaliza, anangoja kolasioni ya mwezi wa kumi na moja, kisha ataomba ruhusa ya kufanya kazi. Permi yake ya masomo imeandikwa inaisha mwezi wa kumi na mbili. Kwa hesabu yake, hakuna haraka.

Kumbe zilibaki siku 14.

Sisi huku tumezoea: mwisho wa masomo njo kolasioni. Mutoto akiisha kuvaa toge, jamaa ikiisha kukula na kupiga picha, hapo njo tunasema amemaliza. Uende Katuba, uende Ruashi, ni vile vile. Kanada haihesabu vile. Kwa ile ruhusa yenye wanaita kwa Kifaransa «permis de travail postdiplôme», hesabu inaanza siku ya kwanza yenye univerzite inaandika kama mutoto ametimiza yote: barua, ao karatasi ya mwisho ya pointi. Kutoka ile siku, iko na siku 180 za kuomba. Toge haimo mu sheria.

Kuko na mutego mwingine, na huu unajificha zaidi. Permi ya masomo inakufa siku 90 kisha masomo kuisha, hata kama tarehe yenye kuandikwa juu yake iko mbali. Binti alipata barua tarehe 2 mwezi wa tano. Hesabuni pamoja na mimi: permi inakufa tarehe 31 mwezi wa saba, na mulango wa kuomba unafungwa tarehe 29 mwezi wa kumi. Kolasioni ingemukuta inje ya yote mbili. Mwenye kuomba permi ingali nzima, kwa kawaida anaendelea kutumika akingojea jibu. Mwenye kuchelewa, hata kama siku 180 hazijaisha, anapashwa kwanza kuomba arudishiwe haki ya kukaa, na kulipa tena, ao aombee inje ya inchi.

Tulimupigia palepale. Akauliza juu ya egzame ya luga, kwa sababu tangu tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 2024 wanaomba matokeo yake, nivo ya 7 kwa mwenye kutoka univerzite. «Papa, nimesoma kwa Kifaransa tangu primeri, na bado wananiuliza kama ninakijua?» Haki yake kukasirika. Lakini bahati, alikuwa amefanya TEF Canada mwaka uliopita, na matokeo yanasimama miaka 2. Baba alikamata avansi ku mushahara juu ya dola 255 za Kanada. Tarehe 26 dosie iliingia.

Wale wenye watoto Ubelgiji wasilale nao. Kule wanapewa miezi 12 ya kutafuta kazi, lakini ombi linaingia ku komini mbele karata ya kukaa haijaisha.

Mu mikutano ya konvansioni tunabishana usiku muzima juu ya minervali na malipo ya masomo. Juu ya tarehe, hata mumoja wetu hajauliza, na mimi ni wa kwanza. Sasa ku biro tumefungua kaye: jina la muzazi, inchi, siku ya barua ya univerzite. Leteni.

Kwa mwenzetu imebaki jambo moja. Binti alisoma miaka 4, basi iko na haki ya permi ya miaka 3. Lakini permi haipite pasipoti, na pasipoti yake ya Kongo inaisha mwaka kesho. Watamukatia pale, na atarudi kuomba siku zenye kubakia akiisha kupata mupya. Baba ameanza kutafuta feza ya pasipoti.