Magugu Yanayoelea: Adui wa Bwawa la Samaki

Bwawa la samaki la kikundi ni kitoweo cha watoto, ni ada ya shule, na pia ni matunda ya michango yenu wafadhili. Katika Mkoa wa Songwe, ambako familia nyingi hutegemea mahindi na kahawa, bwawa la perege ni msaada mkubwa. Lakini mimea inayoelea inaweza kuliharibu kwa muda mfupi. Tunaziomba kamati za parokia ziifahamu mimea hiyo mapema.

Jinsi ya kuitambua

Gugu maji lina majani ya mviringo yanayong'aa, vikonyo vilivyovimba kama sponji na maua ya zambarau. Pistia hufanana na kabichi ndogo yenye majani laini kama mahameli. Salvinia ina majani mawili mawili yenye vinyweleo, nayo hujikunja inaposongamana. Azola ni vijani vidogo sana, vya kijani au vyekundu. Ikiwa kidogo ni chakula kizuri cha bata, kuku na perege, lakini isiachwe ifunike bwawa lote.

Madhara yake

Mimea ikifunika maji, mwanga haupenyi na hewa ya oksijeni hupungua. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, hiyo ni dalili ya hatari. Aidha, mbu na konokono wanaoeneza kichocho hupata maficho.

Gugu maji likipata joto na mbolea huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake huishi topeni miaka 15 au zaidi. Ziwa Victoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilipofika 1998 ghuba na bandari kadhaa zilikuwa zimezibwa. Fukusi maalumu wanaolila walisaidia kulipunguza, lakini halijaisha hadi leo. Kwetu, Mto Momba humwaga maji Ziwa Rukwa, na Mto Songwe wa mpakani Ziwa Nyasa. Gugu linalotoroka bwawani wakati wa masika laweza kufika huko.

Tufanye nini?

1. Tuyang'oe kwa mikono au reki yakiwa bado machache, pamoja na mizizi, kabla hayajachanua.
2. Tuyaanike mbali na maji, kisha tuyafanye mboji. Tusiyatupe mtoni, wala tusiyaache yaoze bwawani.
3. Tusitumie dawa ya kuua magugu. Mimea inayooza humaliza oksijeni, na dawa yaweza kudhuru samaki.
4. Tupunguze samadi, na tuache ukanda wa nyasi kati ya shamba na bwawa.
5. Tuweke wavu kwenye mifereji ya kuingizia na kutolea maji, na tukaushe nyavu kabla ya kuzipeleka bwawa jingine.
6. Tusipande maua ya majini tusiyoyafahamu.

Kila kamati imteue mtu wa kukagua bwawa kila wiki, na imwite Afisa Uvuvi wa wilaya inapoona mmea mgeni. Kung'oa mche mmoja leo ni kazi ya dakika moja. Kungoja hadi mwisho wa masika ni kazi ya kijiji kizima.