Nani Apimaye Hema? Wajibu wa Serikali katika Kusimamia Ubora wa Malazi ya Dharura

Utangulizi

Mtu aliyepoteza nyumba yake kwa vita, kwa mafuriko au kwa maporomoko ya ardhi huingia katika malazi asiyoyachagua. Hakuyakagua kabla ya kupewa, hana mkataba mkononi, wala hawezi kuhamia kwingine aonapo paa linavuja. Mpangaji wa mjini akichoshwa na chumba kibovu hutafuta kingine. Aliyekimbia hana pa kutafuta. Kwa hiyo ubora wa malazi yake hauwezi kulindwa na ushindani wa wenye nyumba, wala haifai uachiwe wema wa mtoaji peke yake. Hapana budi awepo mwenye mamlaka apimaye, aandikaye alichokiona, na awezaye kuamuru kirekebishwe.

Katika makala hii tutaeleza jinsi viwango vya malazi ya dharura vilivyopatikana, vinasema nini, na ni nani anayepaswa kuhakikisha vinafuatwa. Tutatumia zaidi historia ya kambi za magharibi mwa Tanzania, kisha tutatazama kwa ufupi nchi mbili za Ulaya ambako jambo hili limewekwa katika sheria. Hoja yetu ni moja: kiwango kisicho na mkaguzi ni ushauri tu, na kumweka mkaguzi huyo ni wajibu wa serikali, hata pale ambapo si serikali iliyojenga.

1. Viwango vilipatikanaje

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla haijawa na barabara. Miezi mitatu baadaye wimbi jingine kubwa zaidi liliingia Goma, wakati huo nchi ikiitwa Zaire. Huko ardhi ni mwamba wa volkano, na kuchimba choo au kaburi ilikuwa kazi nzito. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walipoteza maisha.

Mashirika mengi sana yalikuwa yamefika kusaidia. Mengine yalikuwa na ujuzi wa miaka mingi, mengine yalikuwa na nia njema pasipo ujuzi. Tathmini ya pamoja ya mataifa na mashirika wahisani, iliyotolewa mwaka 1996, ilionyesha kwamba watu wengi wangeweza kuokolewa kama kazi ingalifanyika kwa utaratibu bora. Matokeo yake, mwaka 1997, mashirika yasiyo ya kiserikali pamoja na jumuiya ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu yalianzisha mpango uitwao Sphere, ili kuandika viwango vya chini kabisa vya msaada wa dharura. Kitabu chake kimetolewa upya mara kadhaa, na toleo linalotumika sana leo ni la mwaka 2018.

Tuangalie jambo moja muhimu katika historia hii. Viwango hivi viliandikwa na watoa huduma wenyewe. Walijifunga kwa hiari, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ahadi ya hiari si sheria. Anayeivunja huona aibu, haitwi kujibu mbele ya mamlaka yoyote.

2. Viwango vinasema nini

Msomaji asiyewahi kuviona viwango hivi huenda akadhani ni maneno ya jumla juu ya utu na heshima. Maneno hayo yamo, lakini zimo pia namba. Kila mtu apate angalau meta za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia na kuogea. Kwa familia ya watu watano hicho ni chumba cha meta 3.5 kwa 5. Eneo zima la kambi, pamoja na njia, vyoo, shule na zahanati, lifikie meta za mraba 45 kwa kila mtu. Maji yasipungue lita 15 kwa mtu kwa siku, na kituo cha maji kisiwe mbali zaidi ya meta 500. Mwanzoni choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 50, kisha mapema iwezekanavyo wasizidi 20. Kiwe na taa, na mlango wake ufungwe kwa ndani. Katika kila meta 300 za majengo iachwe nafasi wazi ya meta 30 ili moto usiruke.

Kila namba ina sababu yake. Nafasi ndogo hueneza kikohozi na surua. Choo kisicho na komeo humfanya mama au binti aogope kutoka usiku. Turubai zilizobanana hugeuza jiko moja lililopinduka kuwa maafa ya mtaa mzima.

Tukirudi Benaco na namba hizi mkononi, tutaona ukubwa wa jambo lenyewe. Watu 250,000 kwa meta 45 kila mmoja ni zaidi ya kilometa za mraba 11 za ardhi. Maji yao ni lita 3,750,000 kwa siku, yaani safari 375 za lori libebalo lita 10,000. Vyoo, hata kwa kipimo cha mwanzo, ni 5,000. Hakuna nchi iwezayo kutimiza hayo kwa usiku mmoja. Kiwango basi hakiulizi tu kama mambo ni mazuri leo. Kinauliza pia umbali uliobaki, na kama kuna mtu anayeupima.

3. Nani apimaye?

Tangu miaka ya 1960 kazi ya wakimbizi nchini Tanzania imeendeshwa kwa ubia wa pande tatu. Katika makazi ya Ulyankulu (1972), Katumba (1973) na Mishamo (1978), serikali ilitoa ardhi na uongozi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) likatafuta fedha na kuratibu, na TCRS, huduma ya Kikristo iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuendeshwa chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ikafanya kazi ya utekelezaji. Ubia huo ulizaa matunda makubwa: visima, shule, zahanati na mashamba yaliyolisha wenyewe na kuuza ziada.

Hata hivyo ubia una udhaifu wake. Pale ambapo watatu wanajenga pamoja, kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenziwe anakagua. Mhisani hukagua hesabu za fedha: turubai ngapi zimenunuliwa na stakabadhi ziko wapi. Lakini stakabadhi haisemi ni watu wangapi wanalala chini ya turubai moja. Shirika tekelezi huandika taarifa ya kazi yake lenyewe, nayo ina faida, lakini mwanafunzi hasahihishi mtihani wake mwenyewe.

Hapa ndipo wajibu wa serikali unapoonekana waziwazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inaipa serikali mamlaka ya kutenga maeneo ambamo wakimbizi wataishi, na mkimbizi hatakiwi kutoka humo bila kibali. Sababu za usalama zinazotolewa si jukumu letu kuzijadili hapa. Tunachosema ni kwamba amri hiyo ina upande wake wa pili. Anayemwambia mtu, “Utaishi hapa, si pengine,” amejitwika dhamana ya hapo mahali. Hawezi kusema kwamba hema lililochanika ni shauri la aliyelitoa.

Mwaka 2015 ulilionyesha jambo hili. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilipokea zaidi ya Warundi 100,000 katika muda wa miezi michache. Shule na makanisa ya kambini yakageuzwa mabweni, na familia nyingi zikalala katika mahema makubwa ya pamoja. Kutoka Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ilifunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, ili kupunguza msongamano. Uamuzi wa kufungua kambi nyingine hauko mikononi mwa shirika lolote la misaada. Ni serikali peke yake iwezayo kutoa ardhi. Basi anayeshika dawa ndiye anayepaswa kuujua ugonjwa, tena kwa vipimo vyake mwenyewe.

Wajibu huu hauwahusu wageni tu. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalipoharibu Katesh na vijiji jirani, baadhi ya raia walihifadhiwa katika majengo ya shule. Nao walistahili vipimo vile vile.

4. Mfano wa nchi mbili

Huenda msomaji akafikiri kwamba penye fedha tatizo hili halipo. Tutazame Ireland. Nchi hiyo iliandika viwango vya taifa vya malazi ya waombaji wa hifadhi mwaka 2019, vikaanza kutumika Januari 2021. Kwa miaka mitatu viwango vilikuwapo pasipo mkaguzi wa kujitegemea. Januari 2024 kazi hiyo ilikabidhiwa HIQA, mamlaka ya umma inayokagua pia nyumba za wazee. Wakaguzi wake huweza kufika bila kutoa taarifa, huzungumza na wakazi, na taarifa zao huchapishwa ili kila mtu asome.

Lakini mamlaka hiyo ilipewa vituo vya kudumu tu. Hoteli, kumbi na majengo yaliyokodishwa kwa dharura, ambamo waombaji walio wengi walikuwa wakilazwa, yaliachwa nje ya mamlaka yake. Yaani mahali palipohitaji jicho zaidi ndipo jicho halikuelekezwa.

Uingereza inatufundisha jambo jingine: muda nao ni kiwango. Kwa agizo lililoanza kutumika Aprili 2004, familia yenye watoto isiyo na makao haipaswi kuwekwa katika nyumba ya wageni ya kulala na kifungua kinywa kwa zaidi ya wiki sita. Halmashauri kadhaa zimeshindwa kulitii agizo hilo. Hata hivyo, kwa kuwa limeandikwa, kushindwa kwao hujulikana na kuhesabika. Nasi tujiulize: Nyarugusu ni ya tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule aweza leo kuwa mzazi. Chumba kinachovumilika kwa wiki sita hakivumiliki kwa miaka thelathini.

5. Ugumu ulio wa kweli

Wapo wanaopinga ukaguzi mkali kwa hoja nzito. Wanasema mkaguzi akifunga bweni bovu, waliomo watalala kwenye mvua. Tena wanasema vijiji jirani vina nyumba zisizofikia vipimo hivyo. Kwa nini mgeni apewe kisichopatikana kwa mwenyeji?

Hoja ya kwanza ina ukweli, na jibu lake ni kwamba mkaguzi asipewe rungu la kufunga tu. Awe na uwezo wa kuweka tarehe ya marekebisho, kurudi siku hiyo, na kumfikishia taarifa anayeweza kutoa ardhi au fedha. Kwa hoja ya pili tunajibu kwamba mwanakijiji mwenye nyumba duni ana uhuru wa kukata miti, kuchoma tofali na kupanua nyumba yake kadiri ajaliwavyo. Anayezuiwa kufanya hayo anamdai yule aliyemzuia. Pamoja na hayo, kisima kinachochimbwa kwa ajili ya kambi kifike na kijijini.

6. Ukaguzi ufaao

Kutokana na yote tuliyoeleza, mambo manne yanatakiwa. Kwanza, anayekagua asiwe yule anayejenga wala anayelipa. Pili, apime kila mtaa, asiridhike na wastani wa kambi nzima, kwa maana wastani huficha bweni lililofurika nyuma ya nyumba zenye nafasi. Tatu, azungumze na wakazi faraghani, wanawake kwa wanawake, kwa lugha yao, na mlalamikaji asiadhibiwe. Nne, alichokiona kiandikwe na kutangazwa, dharura isije ikawa kisingizio cha kuficha.

Hitimisho

Torati yenyewe ina sheria ya ujenzi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye nyumba anaagizwa aizungushie dari yake ukingo. Akiacha, kifo cha atakayeanguka ni juu yake. Sheria hiyo haiulizi kama alikuwa na nia njema wala kama alijenga kwa haraka.

Nasi tunaowaandaa wachungaji tuwafundishe kuuliza maswali madogo yenye namba: wangapi wanalala humu, choo kiko wapi, mlango unafungwa, nani alikuja kukagua na lini. Na pale ambapo Kanisa ndilo linalotoa malazi, tuwe wa kwanza kumfungulia mkaguzi mlango, naye akitukuta na upungufu, tuurekebishe kabla ya tarehe aliyotupa.