Je, Wajua Kinachowavusha Wazee Mipaka ya Nchi kwa Baiskeli?

Mwaka 1992 Mfaransa Robert Marchand, aliyekwisha kutimiza miaka 80, alinyonga baiskeli kutoka Paris hadi Moscow. Mwaka huohuo Dervla Murphy wa Ireland, mwenye miaka 60, alitoka Kenya akakatiza Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Wanaosikia habari hizi husema hao walijaliwa misuli. Sikubaliani nao. Marchand alikuwa ameiacha baiskeli kwa miongo kadhaa, akairudia akikaribia 70.

Umri ukisogea, nguvu za ghafla hutangulia kuondoka. Stamina hudumu zaidi. Mzee hawezi kuikandamiza pedeli mlimani kama kijana, ila anaweza kuizungusha kutwa nzima, mradi iwe nyepesi. Hiyo ndiyo kazi ya gia. Chukua baiskeli ya safari ndefu yenye sproketi ya meno 22 mbele na 34 nyuma: pedeli ikizunguka mara moja, tairi la inchi 26 husogea mita 1.3 tu. Ile baiskeli nyeusi ya kubebea mkaa, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, husogea zaidi ya mita 5. Mlima ni uleule na mzigo ni uleule, lakini kwenye ile ya safari ndefu mguu wa mzee unakandamiza kwa robo tu ya nguvu. Goti linapona. Gegedu lake halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kila linapobanwa na kuachiwa. Mzunguko mwepesi, mara 80 kwa dakika, hulilisha bila kulisaga, huku uzito wa mwili ukiwa juu ya siti.

Ndiyo maana huniuma kuona baiskeli ya mtumba imefika na gia zake zote, kisha fundi anazing'oa na kuacha sproketi moja ati zisisumbue. Murphy naye alizing'oa gia kabla ya kwenda India mwaka 1963, lakini wakati huo alikuwa na miaka 31.

Watafiti wa King's College London na Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79. Misuli yao haikuwa imenyauka, na tezi ya thaimasi, ambayo kwa kawaida husinyaa umri ukisogea, ilizalisha chembe za kinga kama ya vijana. Kwa gia nyepesi, mzee naye anafika: sokoni, shambani, kliniki, kwa wajukuu, kote kunafikika.

Ukimpelekea baba baiskeli kijijini, mwambie fundi asafishe gia, abadilishe waya, asing'oe kitu.