Forodhani baada ya utepe kukatwa

Anayeshuka boti Malindi ya Unguja na kuifuata barabara ya pwani hadi Forodhani huukuta mji wa starehe: jua, bahari, hoteli za madirisha mapana, watu wanaopiga picha. Ni rahisi kudhani pwani hii ilipangiwa mapumziko tangu mwanzo, kumbe ilikuwa ya kazi. Hapa palikuwa na mabanda ya forodha, na kuanzia 1905 garimoshi la Bububu lilikuwa likianzia karibu na Ngome Kongwe. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi mabanda yakavunjwa, na mwaka 1936 pakatengenezwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub.

Utalii mkubwa ulikuja baadaye sana, katika miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoporomoka na Serikali ikalegeza masharti ya biashara. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huu katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo haikuizuia bustani kuchakaa. Taa zilikuwa mbovu, nyasi zimekufa, ukuta wa bahari unaliwa na mawimbi.

Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulianza ukarabati 2008, na bustani ikafunguliwa tena Julai 2009. Ukuta ulijengwa upya, mifereji ikachimbwa, njia zikatandazwa mawe, miti mikubwa ikaachwa na mingine ikapandwa. Lakini jambo gumu kuliko mawe na saruji lilikuwa wauza chakula. Kwenye miji mingi watu wa namna hii ndio wa mwanzo kufagiliwa pwani inapopambwa. Forodhani wakapewa eneo lao ndani ya bustani yenyewe, na kwangu mimi uamuzi huo ndio uliouokoa mradi.

Nenda jioni ukaone. Jua likianza kuzama meza zinapangwa, makaa yanapepewa, miwa inasagwa pamoja na ndimu na tangawizi. Vijana wanapiga mbio kwenye ukuta mpya na kuchupa baharini, mmoja kichwa chini, mwingine kajikunja, na umma umesimama kuwashangilia. Sidhani kama mchoraji yeyote aliyaandika hayo kwenye ramani yake. Alichofanya ni kutoyazuia. Sikukuu ya Idi watoto hujaa na nguo zao mpya mpaka pa kuweka mguu hapana, wala hawaulizwi tiketi.

Si kwamba mambo yote ni mazuri. Papasi, madalali wa watalii, humsumbua mgeni tangu anapoingia, na bei ya pweza na kamba hupanda kwa kuangalia sura ya mnunuzi. Taka nazo huongezeka kila usiku. Mradi wa aina hii hauishi siku ya ufunguzi. Unategemea mfagiaji wa alfajiri, fundi wa taa, na fedha za kuwalipa wote wawili mwaka baada ya mwaka.

Hatua chache kutoka hapo, Shangani, mpango mwingine ulikwenda kinyume. Jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, likageuzwa hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 2015, na jengo jipya likasimamishwa ubavuni mwake, huku Kamati ya Urithi wa Dunia ikilalamika. Kazi ya mikono ni nzuri, siikatai, na ajira zimepatikana. Ila mtoto wa mtaa wa Mkunazini hana la kumpeleka ndani.

Sasa macho yote yako kwa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, linalotazamana na bustani ya Forodhani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Miaka mingi kabla ya hapo ilijulikana wazi kwamba jumba limechoka. Nalitamani lirudi kama wanavyolitamani Waunguja wote. Lakini kabla ya rangi ya mwisho kupakwa, iandikwe na itangazwe nani atakagua paa kila masika, atalipwa kutoka fungu gani, na wanafunzi wa skuli zetu wataingia kwa utaratibu upi.